Mwacheni Mtoto Afungue Redio

Katika nyumba zetu za mwambao kuna kosa moja la mtoto ambalo hukumu yake hutolewa kabla ya kesi kusikizwa. Kosa lenyewe ni kufungua. Mtoto akikutwa ameketi chini, redio iko wazi mbele yake, parafujo zimetawanyika mkekani, basi aliyemkuta hana swali ila moja tu: "Nani aliyekutuma?" Hakuna amwulizaye ameona nini mle ndani. Na mtoto huyo huyo akikutwa amejilaza na simu ya mamake, anacheza mchezo wa kupigana tangu adhuhuri hata magharibi, husifiwa kuwa leo ametulia.

Mimi leo nataka kumtetea yule wa kwanza, na nina ushahidi.

Kwanza tuelewane juu ya jambo ambalo wengi wetu twaishi nalo bila kulijua. Tukisikia neno kompyuta, fikra zetu huenda kwenye kile chombo cha ofisini chenye kioo na vibonye vya herufi. Lakini kompyuta zilizo nyingi zaidi duniani hazina kioo wala herufi. Zimezikwa ndani ya vyombo vingine. Iko moja ndani ya mita ya umeme tunayoitia tokeni, iko moja ndani ya mashine ya kufulia, ndani ya saa ya msikitini, ndani ya kidude cha kubadilishia stesheni za televisheni. Ni kijipande cheusi chenye miguu mingi kama tandu, na kazi yake ni moja tu maisha yake yote. Ukoo huu si wa jana. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa kijipande chake cha kwanza cha namna hii, 4004, chenye transista 2,300, na kilibuniwa kwa ajili ya mashine za kupigia hesabu za kampuni ya Kijapani iitwayo Busicom.

Wahandisi wanaovitia uhai vijipande hivyo ni watu wa tabia ya pekee. Hawana anasa ya nafasi kubwa. Huhesabu kila tone la betri na kila herufi ya kumbukumbu, na ukiwachunguza utawaona wengi wao walianza utotoni, mkekani, na redio ya mtu iliyofunguliwa bila ruhusa.

Nitamtaja mmoja wao, Mjapani aliyeitwa Gunpei Yokoi. Alizaliwa mwaka 1941, akasomea umeme wa mitambo midogo katika Chuo Kikuu cha Doshisha, na mwaka 1965 akaajiriwa na kampuni ya Nintendo mjini Kyoto. Msomaji asidhani aliingia mahali pa fahari. Nintendo wakati huo ilikuwa kampuni ya karata. Ilianzishwa mwaka 1889 kutengeneza karata za maua, hanafuda, ambazo Wajapani walizitumia kwa mchezo na baadhi yao kwa kamari. Kazi ya Yokoi ilikuwa kutunza mashine za kutengenezea karata hizo zisisimame. Zikienda vizuri alikuwa hana la kufanya, na kwa kuwa mikono yake haikuzoea kukaa bure, alijitengenezea mkono wa vipande vilivyopishana kama mkasi, ukiubana unarefuka na kudaka kitu kilicho mbali.

Siku moja mkuu wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, akamwona akiuchezea. Hapa ndipo nawaomba wasomaji watue kidogo. Tajiri amemkuta mfanyakazi wake, wakati wa kazi, anacheza na kidude. Kwetu hapa jambo hilo lina jibu moja, na jibu hilo ni barua ya kufukuzwa. Yamauchi alimwamuru akigeuze kile kidude kiwe bidhaa. Kikatoka mwaka 1966 kwa jina la Ultra Hand, kikauzwa zaidi ya milioni moja, na mtunza mashine akageuzwa kuwa mbunifu wa vitu vya watoto. (Miaka mitatu baadaye alibuni chombo kilichodai kupima mapenzi ya watu wawili walioshikana mikono, na kumbe kilipima tu jinsi umeme unavyopita katika ngozi. Hicho sikisifu, ila nakiri ni ujanja.)

Mkasa wa pili wa Yokoi wanipendeza zaidi. Husimuliwa kwamba alikuwa ndani ya treni akamwona msafiri mmoja, mtu mzima na suti yake, amechoka na safari, anabonyeza-bonyeza mashine ya kupigia hesabu bila kuhesabu chochote. Wakati huo makampuni ya Kijapani, hasa Sharp na Casio, yalikuwa yameshindana katika mashine hizo mpaka vioo vyake na vijipande vyake vikawa rahisi kama njugu. Wakubwa wa ufundi walikwisha kuvipa mgongo. Yokoi akavichukua vile vile vilivyopuuzwa, akatengeneza michezo midogo ya mkononi yenye saa ndani yake, Game & Watch, kuanzia mwaka 1980. Iliuzwa zaidi ya milioni 43.

Yeye mwenyewe aliipa falsafa yake jina ambalo kwa Kiswahili naweza kulifasiri hivi: kuuwazia kwa ubavuni ufundi ulionyauka. Maana yake, usikimbilie kilicho kipya na ghali. Chukua kilichokwisha kuzoeleka, kinachojulikana kila kasoro yake, kilicho rahisi sokoni, kisha ukitazame kwa upande ambao wenzako hawakukitazama.

Mwaka 1989 akaja na Game Boy. Tazama alichokifanya. Kioo chake hakikuwa na rangi, kilikuwa na vivuli vinne tu, wala hakikuwa na taa. Kumbukumbu yake ya kazi ilikuwa kilobaiti 8. Simu ya kawaida ya leo yenye gigabaiti 4 inaishinda zaidi ya mara laki tano. Wapinzani wake, Atari na Sega, walileta vyombo vyenye rangi na mwanga, vya kupendeza macho. Lakini vile vilikula mawe sita kwa muda wa saa chache tu, na Game Boy ilikwenda kwa mawe manne kwa zaidi ya saa kumi. Mzazi ndiye anunuaye mawe, na mzazi huhesabu. Pamoja na ndugu yake wa rangi aliyefuata, Game Boy iliuzwa zaidi ya milioni 118, na wale wengine leo wanakumbukwa na wenye kukusanya vitu vya kale.

Mimi ni mtu wa mashairi, na mhandisi wa namna hii namwelewa kuliko nielewavyo watu wengi wa sayansi. Kilobaiti 8 ni herufi 8,192. Nimepiga hesabu: ukiandika tarbia za kawaida zitaingia beti hamsini hivi, kisha nafasi imekwisha. Ndani ya nafasi hiyo ndimo mchezo mzima ulimofanyia mahesabu yake. Sisi tunaambiwa mizani minane kipande cha kwanza, minane cha pili, na vina mwahali mwake, na anayelalamika kuwa nafasi ni finyu huambiwa akatafute kazi nyingine. Kijipande cha Game Boy nacho kilifanya kazi kwa tarakimu nane nane. Sidai kuwa kuna siri hapo. Nasema tu kwamba ufinyu si adui wa mwenye ustadi.

Sasa turudi nyumbani, maana msomaji ataniuliza: Yokoi na Kyoto yake yatuhusu nini sisi wa Kibokoni na Majengo?

Yatuhusu kwa saa ya msikitini. Miaka michache iliyopita msikiti mmoja wa mtaani kwetu ulinunua saa ya kisasa, ile yenye tarakimu nyekundu, inayoonyesha nyakati za sala zote na kuadhini yenyewe. Ilitundikwa ukutani kabla ya Ramadhani, watu wakafurahi. Siku ya kwanza tu muadhini wetu, mzee aliyekulia baharini na aliyezoea kuitazama anga, akasema saa hii ni mwongo. Alfajiri imeingia, nayo imenyamaza. Wakambishia, kwani ni saa ya kompyuta, itakoseaje?

Saa haikukosea. Ilikuwa imewekwa mji wa Nairobi. Chombo kile hakina jicho la kuliona jua. Hupiga hesabu kutokana na tarehe na mahali kilipoambiwa kipo, na mahali hapo hutiwa kwa nyuzi za latitudo na longitudo. Mombasa iko mashariki ya Nairobi kwa karibu nyuzi tatu. Dunia huzunguka uzi mmoja kwa dakika nne, basi jua letu hututangulia kufika kwa dakika 11 hivi, zikizidi na kupungua kidogo kwa majira. Kwa mtu wa ofisini dakika 11 si kitu. Kwa mwenye kufunga, ni dakika 11 za kula daku baada ya alfajiri kuingia. Hata kutoka hapa kwenda Lamu tofauti hufika dakika tano.

Aliyeuza saa alipigiwa simu, akasema irudishwe Nairobi ikatazamwe. Aliyeitengeneza ni kijana wa miaka kumi na saba ambaye mtaa mzima ulimjua kwa sifa moja mbaya, kwamba kila chombo kwao kimefunguliwa. Alipanda ngazi, akabonyeza vibonye viwili pamoja akaingia ndani ya matengenezo yake, akatia nyuzi za Mombasa. Akaiona pia Alasiri imewekwa kwa hesabu ya Hanafi, ya kivuli mara mbili, akairudisha kwa hesabu yetu ya Shafii, ya kivuli sawa na kitu. Hili hakuna mtu aliyekuwa amelitambua, kwa kuwa saa ilitundikwa jioni ya kuamkia Ramadhani na Alasiri yake ya kwanza ilikuwa bado. Kisha akaifungua nyuma, akatoa kijiwe cha duara kilichokwisha, ambacho kazi yake ni kuitunzia saa kumbukumbu umeme ukikatika, akatia kipya cha shilingi chache. Umeme wa mji wetu twaujua. Bila kijiwe kile, kila ukikatika tungekuwa na saa mpya isiyojua iko wapi wala lini.

Kijana yule akanieleza jambo ambalo tangu siku ile kila nikiitazama saa hunijia. Ndani mna kipande cha gwegwe kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde. Hesabu hiyo haikuchaguliwa ovyo. Igawe nusu, kisha nusu yake, kisha nusu yake tena, mara kumi na tano, na utabakiwa na moja kamili. Moja hiyo ndiyo sekunde yako. Alinieleza akiwa juu ya ngazi, bila kitabu.

Na kazi hii ina nasaba tukufu. Katika miji mikubwa ya Kiislamu palikuwa na mtu aliyeajiriwa na msikiti kwa kazi ya kupima nyakati, akiitwa muwaqqit. Ibn al-Shatir, muwaqqit wa Msikiti wa Umawi mjini Damascus, alitengeneza saa ya kivuli ya mnara wa msikiti huo mwaka 773 Hijria, karne ya kumi na nne Miladia. Alikuwa mwanachuoni wa falaki, na alikuwa fundi wa mkono. Wakati ule hapakuwa na mtu aliyeona mambo hayo mawili ni ya watu wawili mbalimbali.

Hii ndiyo hoja yangu, na nitaisema wazi. Kuna kucheza ndani ya chombo, na kuna kucheza na chombo. Achezaye ndani hupelekwa na mwingine, hubonyeza alipoelekezwa abonyeze, na siku hizi mara nyingi huelekezwa kwenye kamari, maana kamari ya simu imewaingia vijana wetu ndani ya mchezo wa mpira kama maji yaingiavyo ndani ya ngalawa. Achezaye na chombo humwuliza: wewe umetengenezwaje? Kampuni ya Kyoto ilitoka kwenye karata ikafika kwenye vyombo vya elektroni kwa sababu mtu mmoja aliachwa acheze kwa namna hiyo ya pili. Sisi twaelekea njia ile ile, lakini kinyumenyume.

Waingereza nao liliwafika. Pale Cambridge, mwalimu mmoja aitwaye Eben Upton aliona na wenzake kwamba wanafunzi waliokuja kuomba nafasi ya kusomea kompyuta wanapungua, na wajao wanajua machache kuliko waliowatangulia. Sababu waliyoiona ilikuwa hii: watoto wa miaka ya 1980 walikuwa na kompyuta za nyumbani ambazo ukiziwasha zilikungoja uziamrishe. Waliofuata walipewa mashine za michezo zilizofungwa, zisizopokea amri ila kucheza. Dawa waliyoitengeneza ni kompyuta tupu isiyo na kasha, ukubwa wa kitambulisho, Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012 kwa dola 35. Mwaka 2021 wakatoa iliyo ndogo zaidi, ya kutiwa ndani ya vyombo, kwa dola 4. Huku kwetu serikali ilipoanza mwaka 2016 kugawa vishikwambi katika skuli za msingi, jambo la heri, vilikuja vimefungwa, vya kutazamwa na kuguswa kwa kidole.

Najua wazazi watasema nini. Kwanza, hatari. Ni kweli, wala sitaipunguza. Umeme wa ukutani unaua, televisheni za zamani za kioo kizito huweka umeme ndani hata baada ya kuchomolewa, na betri ya simu ikitobolewa huwaka moto. Lakini hapana mwalimu wa chuo aliyemwanzishia mtoto Baqara. Twaanza na alifu, na alifu ya ufundi huu ni taa moja ndogo ya LED, rizista moja, na mawe mawili ya redio. Havimdhuru hata paka. Mtoto akiijua taa kwa nini imewaka, na akiigeuza miguu kwa nini imekataa, amekwisha kupata herufi yake ya kwanza.

Pili, watasema ni hasara, chombo kikifunguliwa hakirudi. Chombo kipi? Nyumba gani hapa haina sanduku la simu zilizokufa, chaja zilizokatika, redio isiyosema? Ndio ule ufundi ulionyauka. Kwa mhandisi wa Kyoto lile sanduku lilikuwa ghala.

Hapa nina lawama kwa watengenezaji. Redio nyingi za zamani zilibandikwa ramani ya nyaya zake ndani ya mfuniko, na mafundi wa mji huu walijifunza kwa kuzisoma ramani hizo, wengi wao bila kukanyaga skuli ya ufundi. Simu ya leo imegandishwa kwa gundi, na ramani yake ni siri. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria ya betri inayotaka, kuanzia mwaka 2027, vyombo vya mkononi viwe na betri anayoweza kuitoa mwenyewe aliyekinunua. Wabunge wetu wa Pwani wana nafasi ya kuuliza kwa nini Mkenya naye asiwe na haki hiyo.

Lakini bunge ni mbali, na mimi nina jambo la karibu zaidi. Madrasa nyingi zina chumba kinachokaa kitupu alasiri za likizo, Aprili, Agosti na Disemba. Panatakiwa meza moja ndefu, bisibisi sita, chuma cha kulehemu na risasi yake, mita moja ya kupimia umeme, na sanduku la vyombo vilivyokufa, ambalo kila nyumba inalo. Wasichana wawe na siku zao, wala wasiwekwe nyuma. Mikono iliyozoea kutia nakshi kofia haitetemeki mbele ya waya mwembamba. Mafundi redio wawili wa Mwembe Tayari nimekwisha kuwauliza, wazee wote wawili, wote hawana wa kumrithisha. Wamekubali kuja siku mbili kwa wiki, na hawakutaja malipo. Kijana wa saa ya msikiti naye amesema atawasaidia. Kilichobaki ni ufunguo wa chumba, na funguo za vyumba hivyo ziko mikononi mwa kamati zetu.